Nyonga isiyotaka kukaa kitako: kutafuta hitilafu katika viungo vya miguu ya miili ya kidijitali

Mwili wa kidijitali unaosimama vizuri na kutembea vizuri haujathibitisha chochote kuhusu nyonga zake. Katika mwendo wa kawaida paja huenda mbele nyuzi 30 hivi na nyuma pungufu ya hapo, na ndani ya kipimo hicho kidogo karibu kila kosa hupata pa kujificha. Kosa hutoka nje siku mhusika anapotakiwa akae mkekani. Kwetu Unguja siku hiyo huja mapema, kwa kuwa watu tunaowaunda hukaa kitako, huchuchumaa mbele ya jiko la mkaa, husujudu, hukunja nne barazani, na hukaa juu ya mbuzi wakikuna nazi magoti yakiwa yamepanda. Kwa hiyo maelezo haya yanaanzia kwenye mikao hiyo, wala hayaanzii kwenye kutembea.

Kabla ya kuingia kwenye dalili, maneno machache yaeleweke. Kiunzi ni mkusanyiko wa mifupa inayouendesha mwili. Wavu ni uso wa mwili wenyewe, na nukta ni vile vipeo vinavyouunda wavu huo. Uzito ni kiwango, baina ya 0 na 1, ambacho kwacho mfupa fulani huiamuru nukta fulani. Mimi hutumia Blender, programu ya kompyuta ya kuundia miili hii, lakini mengi ya yanayofuata ni ya jiometri na ya maumbile ya mwili, na anayetumia Maya, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, atayakuta vile vile.

Paja linakunjika mahali pasipokunjika

Hii ndiyo dalili inayowapotezea watu muda kuliko zote. Unalikunja paja mpaka nyuzi 90, na mkunjo badala ya kujitokeza kwenye kinena unajitokeza chini yake, juu ya paja lenyewe, huku nyuma ukibaki mfuko wa nyama unaoning'inia. Mhusika anaonekana ana kiwiliwili kirefu na paja fupi. Ukiutazama uzito kwa rangi unaukuta umepakwa kwa unadhifu, na kwa sababu hiyo unaanza kuushuku wavu, kisha brashi, kisha programu.

Kilichotokea ni kwamba kiungo kimewekwa chini mno. Macho hupenda kuitafuta nyonga pale miguu inapoachana, ilhali fupapaja halianzii hapo. Kichwa cha fupapaja ni duara lililoingia ndani ya kikombe cha fupanyonga, na kitovu cha duara hilo kiko takriban usawa mmoja na ncha ya juu ya kile kigumba cha mfupa unachokigusa ubavuni, chini ya kiuno. Kigumba chenyewe si kiungo. Kiko nje ya kiungo, kwa kuwa shingo ya fupapaja hutoka kichwani ikielekea nje na chini, ikifanya pembe ya nyuzi 125 hivi na shina la mfupa. Kwa hiyo anayekiweka kiungo kwenye kigumba amekosea upande, na anayekiweka pale miguu inapoachana amekosea kimo.

Njia rahisi ya kupapata mahali sahihi ni kujitumia mwenyewe. Shika ile ncha ya mbele ya fupanyonga ambayo huuzuia msuli wa kuvaa usiteremke, kisha fikiria mstari unaotoka hapo hadi kwenye mfupa wa kinena katikati ya mwili. Chini kidogo ya nusu ya mstari huo, na ndani kwa kina, ndipo kilipo kiungo. Inua goti huku kidole kikiwa hapo, na utakihisi kidole kikimezwa na mkunjo.

Niliunda bibi anayekuna nazi kwa ajili ya katuni fupi ya watoto, na kwa siku mbili nilipaka uzito kwenye kinena chake bila kupata nafuu, kwa maana kila nilipolainisha mbele, nyuma kuliharibika. Umeme ulipokatika usiku wa pili nilikwenda jikoni, nikaifungua mbuzi yetu, nikaikalia gizani na kuinama mbele kama anayekuna, mkono mmoja ukiwa kwenye nyonga. Kidole changu kilikuwa juu kabisa ya pale nilipomwekea bibi yule kiungo chake. Umeme uliporudi nilikipandisha kiungo sentimita 4, katika mwili wenye kimo cha mita 1.58, nikaufuta uzito wote wa paja na fupanyonga, na upakaji mpya haukuchukua hata nusu saa. Kuufuta uzito wa zamani ni lazima, kwani ukikisogeza kiungo na mpaka wa uzito ukabaki ulipokuwa, umebadilisha kosa moja kwa jingine.

Kosa la upande nalo lina alama zake, na kanuni ya kuzisoma ni moja: nyama iliyo upande wa ndani wa mkunjo hubanwa, iliyo upande wa nje huvutwa, na kadiri nukta ilivyo mbali na kiungo ndivyo inavyobanwa au kuvutwa zaidi. Kiungo kikikaa nyuma mno, paja hulizamia tumbo mapema. Kikikaa mbele mno, kalio huvutwa mpaka likabapa kama ubao. Kikiwa nje mno, mguu unaotanuliwa hufunguka mfano wa ubao wa mlango kwenye bawaba na ngozi ya ndani ya paja hunyooka kupita kiasi. Kikiwa ndani mno, mapaja huingiliana hata katika kutembea. Usiguse brashi ya uzito mpaka umezitafuta alama hizi nne na hukuziona.

Kiungo kiko sawa, lakini kinena kinanywea na kalio linapotea

Hapa mkunjo unakuja panapostahiki, ila mwili unapungua unene kila unapokunjwa. Sababu zaweza kuwa tatu, na mara nyingi zote zipo pamoja.

Anza na wavu. Mistari yake inatakiwa iufuate mkunjo wa kweli: itoke kwenye kinena, ipande kwa mshazari kuelekea ubavuni, izunguke, kisha ipite chini ya kalio. Wavu wenye mistari iliyolala sawa tu mithili ya pete za pipa utakunjika kama bomba la plastiki hata ukipakwa uzito na fundi hodari. Kama mistari si sahihi, rudi ukaujenge wavu upya. Ni ushauri usiopendwa, nami sikuupenda nilipopewa, lakini kuukwepa huchukua muda mrefu kuliko kuufuata.

La pili ni upana wa mpaka baina ya uzito wa fupanyonga na uzito wa paja. Wengi hupaka mpaka wenye upana mmoja kuuzunguka mguu mzima, na hapo ndipo nyonga inapopoteza sura. Mbele, kwenye kinena, mpaka uwe mwembamba ili mkunjo uwe mkali. Nyuma, kwenye kalio, uwe mpana na uteremke polepole mpaka theluthi ya juu ya paja, kwa sababu nyama ya kalio huteleza na kutandazika, haikatiki. Ubavuni iwe kati kwa kati.

La tatu ni hesabu yenyewe. Njia ya kawaida ya kuunganisha ngozi na mifupa huchukua wastani wa mahali ambapo kila mfupa ungeipeleka nukta, na wastani wa sehemu mbili zilizo kwenye tao huangukia ndani ya tao. Ndiyo maana kiungo hunywea. Iko njia nyingine, ya kwatenioni mbili, ambayo katika Blender huwashwa kwa kisanduku cha kuhifadhi ujazo kwenye modifaya ya kiunzi. Hiyo huhifadhi unene, lakini huvimbisha upande wa nje wa mkunjo, na kwenye nyonga uvimbe huo huonekana kama mtu aliyetia kanga ya kukunja mfukoni. Jambo jingine ni kwamba mwili ukihamishiwa kwenye injini ya mchezo, mara nyingi hesabu hurudi kuwa ile ya wastani na kazi yote ikaharibika. Kwa hiyo kwenye nyonga mimi hubaki na wastani, nikaongeza mfupa msaidizi wa kalio ambao huzunguka nusu ya mzunguko wa paja, kisha nukta za kalio nikazigawia mfupa huo sehemu kubwa ya uzito.

Kinachobaki baada ya hayo ndicho cha kutengenezewa umbo la kusahihisha, yaani sura ya wavu iliyochongwa kwa mkono na kuunganishwa na pembe ya paja ili itokee yenyewe paja linapokunjwa. Chonga moja kwa paja lililokunjwa mbele nyuzi 90, jingine kwa paja lililotanuliwa, na la tatu kwa mambo hayo mawili yakikutana, kwa maana sura mbili za mwanzo zikijumlishwa huzidisha kipimo. Mkao wa mbuzi ndio kipimo bora cha hili la tatu.

Ukiinua mguu mmoja, kitu kingine kinatikisika

Mara nyingi ni ngozi ya ndani ya paja la pili. Uzito uliokokotolewa na programu hugawa kwa kutazama ukaribu, na mapaja yaliyogusana hupeana uzito usio wao. Dawa ni kuuunda mwili miguu ikiwa imeachana kidogo tangu mwanzo, au kuchagua nukta za mguu wa kushoto na kuziondoa katika kundi la mfupa wa kulia. Mikono ikiwa imening'inia karibu na mwili, kagua pia vidole: nimewahi kuona paja likivutwa kila mhusika alipokunja ngumi.

Ukimaliza, hakikisha jumla ya uzito wa kila nukta ni 1. Kama mwili unakwenda kwenye mchezo wa simu, usiiache nukta itii zaidi ya mifupa 4, kwa sababu injini nyingi hukata inayozidi, na nyonga ndipo panapokusanyika mifupa mingi: fupanyonga, kiuno, paja, na huyo msaidizi wa kalio.

Paja linasokotwa kama kitambaa kinachokamuliwa

Dalili hii hutokea mhusika anapokunja nne, kwa kuwa mkao huo haulikunji paja tu, unaligeuza nje pia. Kwa mtu wa kweli, ngozi iliyo karibu na nyonga haizunguki sana paja linapogeuka, na iliyo karibu na goti huzunguka yote. Kiunzi chenye mfupa mmoja wa paja hakiwezi kuyafanya hayo. Huzungusha paja zima kwa mkupuo, na msokoto wote hujikusanya kwenye mpaka wa uzito, pale pale kwenye kinena.

Gawa paja kwa mifupa mitatu ya msokoto. Wa juu usizunguke kwenye mhimili wa urefu hata kidogo, ila ufuate kukunjwa na kutanuliwa. Wa kati uchukue nusu ya msokoto. Wa chini uchukue wote. Uzito wa ngozi uteremke kutoka mfupa mmoja hadi mwingine bila mipaka mikali. Kosa ninalolikuta mara kwa mara kwa wanaoanza ni kuupanga mgawo huu kinyume, na matokeo yake paja husokotwa vibaya kuliko lilivyokuwa.

Goti linageuka nyuma, linatetema, au linashtuka

Ni malalamiko matatu yanayofanana kwa macho na yasiyofanana kwa asili. Yote huja pamoja na mfumo wa IK (inverse kinematics), ambao kwao wewe unauburura unyayo na goti hujikunja lenyewe.

Goti linalogeuka nyuma ni goti lililojengwa likiwa limenyooka kabisa. Programu haina njia ya kujua upande wa kulikunjia, hivyo huchagua wowote. Lisogeze goti mbele kidogo kwenye kiunzi, milimita chache zatosha, na tatizo huondoka.

Goti linalotetema au kutazama pembeni lina kasoro kwenye shabaha yake, ile nukta iliyo mbele ambayo goti huielekea. Nyonga, goti, kifundo cha mguu na shabaha vinatakiwa vikae kwenye bapa moja, na shabaha isiwe karibu sana, kwani mhusika akichuchumaa goti huipita na mguu ukapinduka. Katika Blender pembe ya shabaha kwa kawaida huwa 0, 90, 180 au -90. Ukijikuta unahitaji 83.4 ili goti litulie, acha kubahatisha namba, rudi ukanyooshe mihimili ya mifupa kwanza.

Goti linaloshtuka mguu unapokaribia kunyooka halina ugonjwa wowote. Hiyo ni hesabu ya pembetatu. Chukua paja la sentimita 42 na muundi wa sentimita 40. Mguu ukinyooka, umbali kutoka nyonga hadi kifundo ni 82. Upunguze umbali huo kwa sentimita 1, na goti limeshakunjika nyuzi 18 hivi. Punguza sentimita ya pili, linaongeza 7 au 8 tu. Kwa hiyo mwishoni kabisa mwa mnyooko, msogeo mdogo wa unyayo huwa mkubwa kwenye goti. Mshushe mhusika fupanyonga kidogo ili mguu usifike mwisho wake katika kila hatua.

Kuhusu mahali pa goti lenyewe, kanuni ya kubana na kuvuta inatumika tena. Kiungo kikiwa karibu mno na pia ya goti, nyama ya nyuma huingiliana. Kikiwa nyuma mno, goti hurefuka likikunjwa. Mkao wa tahiyatu ndio mtihani mgumu hapa. Goti hukunjika lenyewe kiasi cha nyuzi 140, na mtu akikaa juu ya mguu wake uzito wa mwili hulisukuma zaidi, mpaka shavu la mguu na nyama ya paja zikabanana na kutandaa pembeni. Hakuna uzito wa kupaka utakaoleta kutandaa huko. Ni kazi ya umbo la kusahihisha.

Magoti hayafiki kifuani bila tumbo kutobolewa

Aliyepatwa na hili kwa kawaida anaendelea kulizungusha paja: nyuzi 120, 130, 140. Mwili wa mtu haufanyi hivyo. Nyonga yenyewe, goti likiwa limekunjwa, hufika kiasi cha nyuzi 120, na kinachobaki hutolewa na fupanyonga linaloegemea nyuma na kiuno kinachojipinda. Mtazame mtu yeyote anayechuchumaa kupepea mkaa: mgongo wake wa chini umeviringika.

Kwa hiyo kagua kama kiunzi chako kinaliruhusu fupanyonga kuzunguka peke yake. Viunzi vingi huufanya mfupa wa fupanyonga kuwa ndio mzizi wa mwili mzima, na ukiuzungusha, kifua na kichwa vinafuata nyuma. Weka kidhibiti kimoja cha kuuhamisha mwili na kingine cha kulizungusha fupanyonga tu, mifupa ya kiuno ikiwa mtoto wa kile cha kwanza, yaani ikikifuata hicho. Kisha mkao wa sijda ukifanyika bila kulivuka nyuzi 120 kwenye nyonga, umefaulu.

Namba zinaruka, au mguu unapinda kwa namna isiyoelezeka

Mguu unaorefuka na kupinda mshazari unapozungushwa una kipimo kisichothibitishwa kwa amri ya Apply: mwili ulikuzwa upande mmoja zaidi ya mwingine, au uliletwa kutoka Maya, inayohesabu kwa sentimita, kwenda Blender, inayohesabu kwa mita. Thibitisha kipimo cha wavu na cha kiunzi kabla ya kuviunganisha.

Ikiwa paja linapinduka ghafla katikati ya mwendo ilhali funguo zote za mwendo ziko sawa, tazama mpangilio wa mizunguko. Katika mpangilio wa mihimili mitatu, mhimili wa katikati ukifika nyuzi 90 hufunga na mihimili miwili iliyobaki huwa kitu kimoja. Paja hukunjwa kupita nyuzi 90 kila mtu anapokaa kitako, hivyo mhimili wa kukunja usiwe wa katikati kamwe. Weka hapo ule wa kutanua, kwani nyonga haitanuki zaidi ya nyuzi 45 hivi kwa watu wengi.

Kanzu na kanga

Nguo inayopita baina ya miguu miwili isipewe uzito wa mapaja moja kwa moja, kwa sababu katikati ya kanzu nukta jirani huamriwa na miguu tofauti, na kila hatua huichana. Ipe kanzu mifupa yake, safu nne au tano kuizunguka kuanzia kiunoni, au iache kwa hesabu ya kitambaa kama muda wa kompyuta unaruhusu. Ngozi iliyofunikwa ifutwe au ifichwe, ikiwemo nyonga yenyewe uliyoihangaikia wiki nzima. Lakini usiifute kabla hujamkalisha mhusika na kuona magoti yanasukuma kanga mahali panapotakiwa, kwa kuwa nguo hufuata mwili ulio chini yake, na kiungo kilichokosewa huonekana hata chini ya buibui.